Majibu Makali: Tofauti za Maana Baina ya Maneno Matano ya Kiingereza na Namna ya Kuyafundisha

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu za sekondari ni wingi wa maneno yanayoonekana kuwa na maana moja. Kamusi ya lugha mbili humpa tafsiri fupi, naye huridhika nayo. Akitafuta neno 'reply' huambiwa ni jibu. Akitafuta 'retort' huambiwa ni jibu kali. Akiendelea na 'riposte', 'rejoinder', 'repartee' na 'comeback' hujikuta anarudi palepale alipoanzia, kwenye jibu na ukali wake. Basi huhitimisha kwamba maneno hayo yote ni mamoja, na kwamba kazi yake ni kuchagua lile linalopendeza zaidi masikioni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si mamoja, kueleza kila moja limetoka wapi na linafanya kazi gani, kisha kupendekeza njia ya kuyafundisha. Tumeyaandika kwa ajili ya wanachuo wanaojitayarisha kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na pia kwa ajili yetu sisi wakufunzi, kwa sababu ambayo itadhihirika hivi punde.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akauliza: je, kuna hasara gani mwanafunzi akitumia neno moja mahali pa jingine, mradi ameeleweka? Tutajibu kwa kisa kimoja.

Wakati fulani tulikwenda kuwakagua wanachuo wetu katika shule moja ya sekondari. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, alikuwa amemuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini amechelewa kuingia darasani. Mwanafunzi alijibu kwa Kiingereza kwamba alikuwa akiteka maji ya jikoni. Kipindi kilipokwisha, mwanachuo aliandika katika daftari la matukio: "When I asked him why he was late, he retorted that he was fetching water." Mkuu wa shule alipolisoma daftari aliona mbele yake mtoto aliyemjibu mwalimu kwa ujeuri. Akaagiza mzazi aitwe.

Mzazi alifika siku ya tatu, akiwa ameacha mavuno shambani. Ndipo mambo yalipochunguzwa. Ikaonekana kwamba mtoto alitumwa maji na mwalimu wa zamu, na kwamba alijibu kwa adabu, akasema na neno la heshima mwishoni. Mwanachuo alipoulizwa kwa nini basi ameandika vile, alishangaa. Alisema kwamba chuoni alifundishwa asirudierudie neno 'said', na kwamba alipewa orodha ya maneno ya kutumia badala yake. Neno 'retorted' lilikuwa katika orodha hiyo.

Orodha ile ilikuwa yetu. Tuliiandika ubaoni sisi wenyewe, maneno ishirini na zaidi, yakifuatana kama mbegu za aina moja ndani ya debe. Hatukueleza kwamba baadhi ya maneno hayo hutoa hukumu. Mkuu wa shule alimwomba mzazi radhi, na mtoto akarudi darasani. Lakini siku za mavuno hazirudishwi kwa kuombwa radhi.

Tukitaka kulielewa kosa hilo vizuri, tulitazame kwa Kiswahili. Mtu akiandika "mtoto alijibu kwamba alikuwa akiteka maji", ametoa habari. Akiandika "mtoto alifoka kwamba alikuwa akiteka maji", amekwisha kumhukumu mtoto, ijapokuwa maneno ya mtoto hayakubadilika hata kidogo. Hakuna mwalimu wetu anayeweza kuchanganya 'alijibu' na 'alifoka'. Lakini katika Kiingereza tunawapa wanafunzi maneno ya namna hiyo kwa mafungu, bila kuwaambia lipi ni jibu na lipi ni mfoko.

Maswali manne ya kupimia

Tumeona kwamba wanafunzi huelewa upesi zaidi wakipewa maswali ya kupimia kabla ya kupewa fasili. Maswali yenyewe ni manne:

1. Je, jibu hili limetanguliwa na shambulio, au limetanguliwa na swali la kawaida tu?
2. Je, anayejibu anatumia maneno ya mwenzake kumrudishia mwenyewe, au analeta maneno mapya?
3. Je, ni jibu la kwanza, au ni jibu la jibu?
4. Je, wanaosemezana wana hasira, wana hoja, au wana furaha?

Mwanafunzi akiyashika maswali haya manne, ataweza kuyapambanua maneno matano tunayoyaeleza hapa chini.

'Retort': jibu linalogeuza shingo

Neno 'retort' limetokana na Kilatini, kutoka kitenzi chenye maana ya kupinda au kusokota, pamoja na kiambishi chenye maana ya kurudi nyuma. Asili yake basi ni kulipinda neno lililotumwa kwako likarudi kwa aliyelituma. Kitenzi hicho hicho cha Kilatini kimezaa pia maneno ya Kiingereza 'distort', yaani kupotosha umbo, na 'torture', yaani mateso, ambayo zamani yalihusu kupindapinda viungo vya mtu.

Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuazima zana kutoka kwa mwenzake wa kemia. Kuna chombo cha kioo cha kukenekea, chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu iliyoinamishwa chini, nacho kwa Kiingereza huitwa 'retort' kwa sababu ya shingo yake iliyopinda. Chombo hicho kikichorwa ubaoni, mwanafunzi hasahau tena: jibu la namna hii huja na shingo iliyogeuzwa.

Mfano wa sokoni utasaidia. Mteja anazitazama nyanya na kusema, "Nyanya zako zimelala." Muuzaji anajibu papo hapo, "Zimelala kwa kukungoja wewe unayezunguka tangu asubuhi bila kununua." Neno ni lile lile, kulala, lakini limepindwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Hiyo ni 'retort' iliyo kamili.

Mfano bora zaidi umo katika tamthilia ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu, The Merchant of Venice ya Shakespeare, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, na ikatolewa mwaka 1969. Katika onyesho la mahakama, Shylock anadhani kwamba sheria iko upande wake, naye anamsifu mwanasheria kijana kwa kumwita Danieli, yaani mwamuzi mwenye hekima. Mwanasheria huyo ni Portia aliyejigeuza mwanamume. Kesi inapogeuka, Portia anaposema kwamba Shylock ana haki ya kukata nyama lakini hana haki ya kumwaga damu, Gratiano anamrudishia Shylock sifa ile ile ya Danieli, tena anamshukuru kwa kumfundisha neno hilo. Gratiano hakutunga tusi jipya. Alichukua jiwe alilorusha mwenzake akalirusha tena.

Katika matumizi ya leo si lazima jibu lirudishe neno lile lile. Yatosha kwamba limetoka upesi, kwa ukali, na aghalabu kwa hasira au kuudhika. Ni nomino na pia ni kitenzi, nalo huweza kufuatwa na maneno halisi ya msemaji au na usemi wa taarifa. Kwa sababu lina ukali ndani yake, mwandishi hapaswi kulitumia isipokuwa ana ushahidi wa ukali huo. Kwa ajili hiyo hiyo barua ya kikazi inayoanza kwa kusema kwamba ni 'retort' kwa barua ya mkurugenzi imemkosea mkurugenzi kabla hajafika mstari wa pili.

Ni vema pia kuwaeleza wanafunzi wa vidato vya juu kwamba maneno hubadilika. Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, As You Like It, iliyoandikwa yapata mwaka 1599, mchekeshaji Touchstone anazihesabu ngazi saba za ugomvi wa maneno, na ngazi ya kwanza, iliyo ya upole kuliko zote, anaiita 'retort' akiiambatanisha na sifa ya adabu. Leo kuambatanisha neno hilo na adabu kungesikika kama mzaha.

'Riposte': jibu la mcheza upanga

Neno 'riposte' limeingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kimelichukua kutoka Kiitalia, ambamo 'risposta' ni jibu tu, jibu lolote. Lakini lilipita katika kiwanja cha mchezo wa kushindana kwa panga nyembamba, na huko ndiko lilikopata tabia yake. Mchezo huo umo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya zama hizi, mwaka 1896.

Katika mchezo huo mambo huenda kwa mpangilio. Mshambuliaji anachoma. Mwenzake anauzuia upanga kwa upanga wake. Baada ya kuuzuia, na kabla mshambuliaji hajajikusanya, naye anachoma. Pigo hilo linalofuata kizuizi ndilo 'riposte'. Pigo lisilotanguliwa na kizuizi haliitwi hivyo. Lina jina jingine.

Maana ya mchezoni imehamia katika mazungumzo. Jibu la namna hii hufanya kazi mbili: huzuia, kisha hupiga. Tuchukue mfano wa mdahalo wa shule ambao mada yake ni kilimo na biashara. Msemaji wa upande wa biashara anasema, "Mvua isiponyesha mkulima hulala njaa." Msemaji wa kilimo anasimama na kujibu, "Kweli mvua ikikosekana mkulima hupata taabu, na ndiyo sababu ya kuweka ghala. Lakini mwenzangu atuambie: siku mkulima atakapolala njaa, mfanyabiashara atakula sarafu?" Katika sentensi ya kwanza amezuia, katika ya pili amechoma.

Ndiyo kusema kwamba 'riposte' haihitaji hasira. Huhitaji wepesi na utulivu, maana mwenye hasira hapati nafasi ya kuzuia. Hapo ndipo linapotofautiana na 'retort'. Anayetoa 'retort' huenda ameumia. Anayetoa 'riposte' ameliona pigo likija. Aidha neno hili hutumika hata kwa vitendo: kampuni ikipunguza bei baada ya mshindani wake kupunguza, waandishi wa magazeti ya Kiingereza huweza kukiita kitendo hicho kwa jina hili.

Katika matamshi, wanafunzi wetu huelekea kulisoma kwa silabi tatu, wakiitamka irabu ya mwisho kwa mazoea ya Kiswahili. Irabu hiyo haitamkwi, na mkazo huwa katika silabi ya pili.

'Rejoinder': jibu la jibu

Neno hili lilizaliwa mahakamani. Linatokana na Kifaransa kilichotumiwa na wanasheria wa Uingereza katika zama za kati. Katika utaratibu wa zamani wa mahakama za huko, mdai alitoa madai yake, mdaiwa akajibu, mdai akajibu jibu hilo, kisha mdaiwa akajibu tena. Jibu hilo la pili la mdaiwa ndilo lililoitwa 'rejoinder'. Utaratibu huo uliweza kuendelea mbele zaidi, kila hatua ikiwa na jina lake, mpaka Sheria za Mahakama za Uingereza za mwaka 1873 na 1875 zilipoufupisha sana.

Nchini Tanzania neno hili lingali hai mahakamani. Katika hoja zinazotolewa mbele ya jaji, upande ulioleta maombi huzungumza kwanza, upande wa pili hujibu, kisha upande wa kwanza hupewa nafasi ya mwisho ya kuyajibu yale yaliyosemwa. Nafasi hiyo ya mwisho huitwa 'rejoinder', na neno hilo huonekana mara kwa mara katika hukumu zinazoandikwa kwa Kiingereza.

Tukirejea kwenye swali letu la tatu, jawabu lake liko hapa. 'Rejoinder' kwa asili ni jibu la jibu. Katika Kiingereza cha kawaida sharti hilo limelegea, na neno huweza kuwa na maana ya jibu lolote lenye hoja au lenye ukali kidogo. Lakini harufu ya mahakama haijalitoka. Lina urasmi. Mtu anayeandika makala gazetini kumjibu mhakiki aliyemkosoa anaweza kuyaita makala yake hivyo bila kumvunjia mtu heshima.

Kuna makosa mawili ya kuangaliwa. La kwanza, mwanafunzi aliyezoea maneno kama 'teacher' na 'farmer' hudhani kwamba mwisho wa neno hili unaonyesha mtendaji. Sivyo. Mwisho huo ni mabaki ya kitenzi cha Kifaransa kilichogeuzwa kuwa nomino, kama ilivyo katika 'dinner' na 'remainder'. La pili, kitenzi chake ni 'rejoin', ambacho kwa maandishi hufanana kabisa na kitenzi chenye maana ya kujiunga tena. Katika maana ya kujibu, silabi ya kwanza hutamkwa kwa wepesi. Katika maana ya kujiunga tena, irabu yake huvutwa. Katika maandishi ni muktadha pekee unaomwokoa msomaji.

'Repartee': majibizano ya utani

Maneno yaliyotangulia yote yana mshindi na mshindwa. Neno 'repartee' si hivyo. Lilitoka Kifaransa katika karne ya 17, nalo hutaja sanaa ya kujibizana kwa haraka na kwa uchangamfu, jibu likizaa jibu, wala hakuna anayeondoka akiwa amenuna.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana hazina kubwa, kwa kuwa utani ni desturi yetu. Tuwasikilize babu na mjukuu.

Babu: "Mjukuu wangu, umekuja kunisalimu au umekuja kunusa kama kuna ubwabwa?"
Mjukuu: "Nimekuja kukusalimu, babu. Ila pua haikuniomba ruhusa."
Babu: "Basi iambie pua yako kwamba sahani yake iko tayari. Yako wewe bado haijaoshwa."

Kila jibu hapo lina makali, lakini makali yenyewe ni ya kijiti cha kutekenya. Maneno hayo hayo yangesemwa na mtu asiye mtani, yangeweza kuleta ugomvi. Uhusiano ndio unaoyapa maana. Hivyo mwanafunzi asipime ukali wa maneno peke yake. Apime pia nani anamwambia nani.

Kwa upande wa sarufi, neno hili hutaja mazungumzo yote au kipaji chenyewe, wala si jibu moja moja. Kwa kawaida halihesabiki, na halina kitenzi. Mtu husifiwa kwa kuwa mwepesi wa 'repartee', lakini hasemwi kuwa ametoa 'repartee' tatu. Mkazo huwa katika silabi ya mwisho.

Wasomaji waliokulia pwani watakumbuka pia majibizano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi baina ya karne ya 18 na 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama. Je, majibizano yale tuyaite 'repartee'? Hatudhani hivyo. Kulikuwa na vita nyuma yake, na kila shairi lilizuia na kupiga. Jina la 'riposte' linayafaa zaidi. Na vijembe vinavyotupwa kwa maandishi ya kanga, je? Kanga moja ikijibiwa kwa kanga nyingine iliyopindua maneno ya ile ya kwanza, tuko karibu na 'retort'. Maswali ya namna hii hayana jawabu moja, lakini hulifanya darasa lifikiri, na kufikiri ndiko tunakokutafuta.

'Comeback': jibu la mitaani

Neno la tano ni jepesi. 'Comeback' ni neno la mazungumzo ya kawaida, nalo lilianza kuenea kutoka Marekani. Maana yake ni jibu la upesi na la werevu, lenye kumfunga mtu mdomo. Linaweza kuwa la hasira au la furaha; lenyewe halichagui. Tofauti yake na mengine iko katika daraja ya lugha: linafaa kwa vijana wanaopiga soga, wala halifai katika ripoti, katika barua ya kikazi, wala katika insha ya mtihani, isipokuwa ndani ya maneno yanayosemwa na mhusika.

Likiwa nomino huandikwa kama neno moja. Likiwa kitenzi huandikwa maneno mawili. Pia lina maana nyingine iliyo maarufu zaidi, ya mwanamichezo au mwanamuziki aliyesahauliwa akarudi katika sifa yake. Mwanafunzi anayelikuta katika ukurasa wa michezo asidhani kwamba bondia amejibu tusi.

Majirani wa maneno haya

Kuna maneno mengine yanayokaa karibu na haya, nayo yafaa yatajwe ili mipaka ionekane. 'Answer', 'reply' na 'respond' hayana ukali wala upole. Ni maji yasiyo na rangi, na hiyo ndiyo sifa yao. 'Rebut' ni kuipinga hoja kwa kuleta hoja au ushahidi, wakati 'refute', katika matumizi ya waandishi waangalifu, ni kuithibitisha kuwa si kweli. Anayekanusha tu bila kuthibitisha amefanya 'deny'.

Muhimu zaidi kwa mwalimu ni 'answer back', yaani kumjibu mkubwa kwa utovu wa adabu. Kosa linalotajwa hapa halimo katika ukali wa maneno pekee; limo katika tofauti ya daraja baina ya wasemaji. Mkubwa akimjibu mdogo kwa ukali, usemi huu hautumiki. Kwa hiyo mwalimu anayeuandika juu ya mwanafunzi awe na hakika, kama ambavyo angekuwa na hakika kabla ya kuandika kwa Kiswahili kwamba mtoto amemrudishia maneno.

Andalio la somo

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kwa kidato cha tatu.

Katika kipindi cha kwanza, mwalimu asiandike neno lolote la Kiingereza ubaoni kwa dakika 15 za mwanzo. Aanze na michezo mifupi ya kuigiza kwa Kiswahili: mteja na muuza nyanya, wasemaji wa mdahalo, babu na mjukuu, na wanasheria wawili mbele ya jaji. Kila mchezo uigizwe na wanafunzi wawili, au watatu panapohitajika jaji. Baada ya kila mchezo, darasa lijibu yale maswali manne. Ndipo mwalimu aandike neno la Kiingereza, moja baada ya jingine, kando ya mchezo uliolihusu. Kwa njia hii maana hutangulia na jina hufuata, kama tunavyomjua mtoto kwanza ndipo tukampa jina.

Katika kipindi cha pili, wanafunzi wafanye kazi katika vikundi kwa kujaza nafasi katika sentensi kama hizi:

1. The old man and his grandson kept us laughing with their ______.
2. Counsel for the applicant spoke briefly in ______.
3. "You are the one to talk about laziness!" she ______ angrily.
4. He listened calmly, admitted the first point, and then delivered a neat ______.
5. "I was fetching water, sir," the boy ______.

Katika sentensi ya kwanza jawabu ni 'repartee', kwa sababu ya kicheko na kwa sababu ni majibizano ya wawili. Katika ya pili ni 'rejoinder', kwa sababu ya mahakama. Katika ya tatu ni 'retorted', kwa sababu ya hasira na ya shutuma iliyogeuzwa. Katika ya nne ni 'riposte', kwa sababu amezuia kisha akapiga.

Sentensi ya tano ni mtego, na mwalimu aiache iwe mtego. Baada ya kujifunza maneno mengi mapya, kikundi kimoja au viwili vitataka kulitumia mojawapo. Mwalimu awaulize: shambulio liko wapi? Hasira iko wapi? Ni neno gani katika maneno ya mtoto linaloonyesha ujeuri? Wasipoliona, basi jawabu ni 'said' au 'replied', na mwalimu awaambie wazi kwamba hilo ndilo neno bora kuliko yote katika zoezi zima, kwa kuwa ndilo la kweli.

Wakati wa kusahihisha insha, mwalimu asikate neno na kuandika jingine juu yake. Aandike pembeni namba ya swali lililokosewa kati ya yale manne. Mwanafunzi akiona namba 1, atarudi kujiuliza kama kulikuwa na shambulio. Namba hiyo haimwambii jibu, bali humwonyesha pa kulitafuta.

Hitimisho

Ndugu walimu, hatukatazi orodha za maneno. Msamiati hauna budi kukusanywa, na kurudia neno moja katika kila mstari huchosha. Tunachosema ni kwamba vitenzi vya kutaja usemi wa mtu havilingani. Baadhi yake hutoa habari tu, na vingine humshtaki anayetajwa. Yule mwanachuo wetu alifaulu somo lake la sarufi. Sentensi aliyoiandika haikuwa na kosa hata moja ambalo mtahini angelipigia mstari. Kosa lake halikuwa katika sarufi, na mzigo wake ulibebwa na mtoto pamoja na mzazi wake.

Tangu siku ile tumeigawa orodha yetu katika safu mbili: safu ya maneno yasiyo na hukumu, na safu ya maneno yenye hukumu. Juu ya safu ya pili huandika onyo moja kwa wanachuo wetu: usilitumie neno lolote la hapa kumhusu mwanafunzi mpaka uwe tayari kulisoma mbele ya mzazi wake.